Stabilaiza kwa magari ya zamani Mtwara na Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wenye magari ya zamani huku Kusini tunaulizana mambo yale yale, gereji hadi gereji, Mtwara mjini, Lindi, Masasi: gari linalala kwenye kona, nifunge stabilaiza nene? Majibu haya ni kwa Peugeot 504, Mercedes W123, Datsun na Corolla za zamani, Volkswagen Beetle, Ford Escort na Land Rover 109. Haya ni magari yanayostahili kuendelea kutembea, na ndiyo maana naandika kwa urefu pale ambapo kosa la fundi linaweza kuliharibu gari au kumuumiza mtu.

## Misingi

Stabilaiza inafanya kazi gani hasa?

Ni fimbo ya chuma cha springi iliyopindwa umbo la U, inayolala kukatisha gari kutoka kushoto kwenda kulia. Katikati inashikwa kwenye chasisi kwa bushi mbili (mipira inayoizunguka fimbo), na ncha zake zinaungana na amu za matairi (mikono ya chuma inayoshika matairi) kwa linki, yaani viungo vifupi. Gari likiingia kona, bodi inalalia upande wa nje: tairi la nje linabanwa juu, la ndani linaning'inia chini. Fimbo hapo inakamuliwa kama nguo mbichi, na ubishi wake wa kukamuliwa ndio unaozuia bodi isilale zaidi.

Matairi mawili yakipanda kwa pamoja, kama unapovuka tuta la kijijini ukiwa umenyooka, fimbo inazunguka tu ndani ya bushi zake na haina kazi. Tairi moja peke yake likiingia shimoni, au likishuka pembeni mwa lami wakati unapisha lori la saruji, fimbo inakamuliwa na sehemu ya mshtuko inapelekwa kwenye tairi la pili. Usilisahau hili. Ndilo litakaloamua unene wa fimbo unaofaa barabara zetu.

Kwa nini magari ya zamani yanalala kuliko ya sasa?

Yalitengenezwa na springi laini zenye mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, na stabilaiza nyembamba au bila stabilaiza kabisa. Peugeot 504, iliyotoka 1968 na kuwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969, ilipendwa Afrika nzima kwa ulaini huo huo: inameza mashimo bila kumchosha abiria. Kulala kwenye kona ni upande wa pili wa sifa hiyo. Anayeifunga 504 vyuma mpaka ikaacha kulala kabisa amepoteza kilichomfanya ainunue.

Gari likilala kidogo, maana yake linashika barabara zaidi?

Si lazima. Uzito unaohama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje hutegemea urefu wa kitovu cha uzito, upana kati ya matairi na ukali wa kona. Chukua gari la kilo 1,200, kitovu chake kikiwa sentimita 55 kutoka ardhini na upana wa matairi sentimita 135. Kwenye kona inayolisukuma kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, kilo 240 hivi zitahamia upande wa nje. Funga stabilaiza nene utakavyo, hizo kilo 240 zitahama tu.

Stabilaiza inabadilisha mambo mawili. La kwanza, bodi inalala kidogo, kwa hiyo matairi yanabaki yamesimama vizuri zaidi juu ya lami, na usukani unajibu upesi. La pili ni kubwa zaidi: inaamua katika zile kilo 240, ngapi zibebwe na tairi la mbele la nje na ngapi la nyuma. Hapo ndipo tabia ya gari inapogeuka.

Nianze na ya mbele au ya nyuma?

Upande unaokazwa zaidi, yaani unaofungiwa fimbo ngumu zaidi, ndio unaopoteza mshiko kwanza. Ukikaza mbele peke yake, gari litaelekea kukataa kona: unakata usukani, pua inaendelea kwenda nje. Ukikaza nyuma peke yake, pua itaingia vizuri lakini mkia utakuwa tayari kutoka.

Magari mengi ya zamani yalitoka kiwandani yakiwa na tabia ya kukataa kona kidogo, tena kwa makusudi. Dereva wa kawaida akishtuka huachia mafuta, na gari linalokataa kona likiachiwa mafuta hurudi lenyewe ndani ya mstari. Gari lililolegea mkia, ukiachia mafuta katikati ya kona, uzito unakwenda mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unatoka kwa kasi. Kwenye lami yenye vumbi au mchanga, na yetu inao mwingi, huwezi kulifukuzia kwa usukani.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa gari la kutembelea hautabadilika: anza na mbele, panda kidogo, endesha kwa wiki kadhaa. Ukiona pua imekuwa nzito kuingia kona, ndipo uongeze nyuma kidogo ili kurudisha uwiano. Usianze na nyuma peke yake eti kwa sababu ndiyo uliyoipata rahisi. Volkswagen Beetle ina hadithi yake, tazama sehemu ya magari yenye tabia zake.

Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma kuna jambo jingine. Stabilaiza nene ya nyuma inalipunguzia uzito tairi la ndani. Kama difu (gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma) ni la kawaida, lisilo na kifungio, tairi hilo linazunguka bure unapotoka kwenye kona na mafuta. Kwenye mchanga unaweza kujikuta umekwama mahali ambapo zamani ulipita bila wasiwasi.

Milimita mbili zaidi zinaleta tofauti kweli?

Zinaleta kubwa. Ugumu wa fimbo hupanda kwa kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara nne. Kutoka milimita 20 hadi 22, ugumu unaongezeka kwa asilimia 46. Kutoka 19 hadi 22 ni karibu asilimia 80. Kutoka 20 hadi 25 ni zaidi ya mara mbili. Mtu anayeziangalia mezani ataona vyuma viwili vinavyofanana, lakini barabarani ni magari mawili tofauti.

Urefu wa mikono ya fimbo nao una uzito wake. Mkono mfupi unaifanya fimbo iwe ngumu zaidi bila kuongeza unene, na ndiyo sababu fimbo nyingine zina matundu mawili au matatu kila ncha. Linki ikiunganishwa tundu la ndani, fimbo ni ngumu. Tundu la nje, ni laini.

Fimbo yenye uwazi ndani si duni. Ya milimita 25 kwa nje na 17 kwa ndani ina ugumu wa karibu asilimia 79 ya ile iliyojaa, na uzito wake ni kama asilimia 54 tu. Lakini kutu ikiingia kwa ndani huioni, na hapa pwani hilo ni la kufikiria.

## Kabla ya kununua

Gari langu linayumba. Nikifunga stabilaiza nene litatulia?

Mara nyingi dawa haiko huko. Kuyumba na kulala ni magonjwa mawili. Gari linalolala linainama kwenye kona na kubaki limeinama mpaka kona iishe. Gari linaloyumba linacheza juu na chini baada ya tuta, au linatangatanga kwenye barabara iliyonyooka. La kwanza ndilo la stabilaiza. La pili ni shokapu zilizokufa, tairodi (fimbo za usukani), boljointi (viungo vinavyozunguka kwenye amu), bushi za amu, au upepo usio sawa kwenye matairi.

Anza na kipimo cha bure: pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, uweke kama kitabu cha gari kinavyosema. Kisha bonyeza kila kona ya gari kwa uzito wako wote na uachie. Likipanda na kutulia, shokapu ina uhai. Likiendelea kudunda, badilisha. Halafu weka gari kwenye jeki na stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Mchezo wowote unaousikia mikononi utibiwe kwanza. Stabilaiza mpya juu ya bushi zilizokufa inaficha ugonjwa mpaka siku utakapokuwa na mwendo.

Nikipita shimo upande mmoja, mbele kunagonga "kong". Ni stabilaiza?

Inawezekana sana, na habari ni njema kwa sababu linki na bushi zake ni kati ya spea rahisi. Dalili inayotofautisha: mlio unasikika tairi moja likiingia shimoni, lakini ukivuka tuta ukiwa umenyooka ni kimya. Ingia chini ya gari likiwa limesimama kwa matairi yake, shika fimbo karibu na bushi na uitikise kwa nguvu. Ikicheza ndani ya bushi, bushi imekwisha.

Kabla ya kufunga bushi mpya, ifute fimbo mahali inapokaa bushi na upitishe kidole. Mchanga wetu unaingia kati ya mpira na chuma na kusugua kama msasa miaka nenda rudi, hadi fimbo inatengeneza mfereji unaong'aa. Mfereji ukiwa unaushika kwa ukucha, bushi mpya haitabana na mlio utarudi. Hapo ndipo kununua fimbo nyingine kunapokuwa na maana.

Nitajuaje unene wa fimbo niliyo nayo?

Kwa kalipa, kama fundi anayo. Kama hana, zungusha uzi mwembamba mara moja kwenye sehemu iliyosafishwa kutu na rangi, pima urefu wa uzi, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 69 ni fimbo ya 22. Pima sehemu iliyonyooka ya katikati, kwa sababu kwenye mikunjo chuma huwa kimebadilika umbo.

Nitaipata wapi kutoka huku?

Njia inayofaa wengi ni kutafuta fimbo ya gari la familia hiyo hiyo lenye toleo zito zaidi: la injini kubwa au la bodi ndefu. Mara nyingi kiwanda chenyewe kilifunga humo fimbo nene zaidi na inaingia sehemu zile zile. Ulizia kwanza kwa mafundi wanaochinja magari hapa Mtwara, Lindi na Masasi. Isipopatikana, Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, na mzigo unapanda basi. Mtumie muuzaji picha ya fimbo yako ikiwa chini sakafuni pamoja na vipimo vitatu: unene, umbali kati ya bushi mbili, na umbali wa tundu hadi tundu. Jina la gari pekee halitoshi, maana toleo la mwaka mmoja linaweza kutofautiana na la mwaka unaofuata.

Fundi anasema atanikunjia ya nondo. Nikubali?

Kataa. Nondo ya ujenzi si chuma cha springi. Ukiikamua kidogo inarudi, ukiikamua zaidi inabaki imepinda, na siku hiyo gari linasimama limeinama upande mmoja. Inaweza pia kukatika ghafla pale ilipokunjwa au kuchomelewa.

Fimbo halisi imetiwa moto na kupozwa kwa utaratibu maalumu ili iwe na nguvu ya kurudi. Ndiyo maana hata fimbo ya kiwandani haipashwi moto ili "inyooshwe kidogo", wala haichomelewi, wala haitobolewi tundu jipya. Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa stadi kweli kweli, na bado joto la kazi yake likaharibu chuma. Ustadi wake utumike kwenye vishikio vya chasisi, tazama sehemu ya kufunga.

Nitatumia kiasi gani?

Bei zinategemea gari na bahati ya kupata. Ninachoweza kukupa ni mpangilio: matairi na upepo, kisha shokapu, kisha bushi na linki mpya kwa fimbo uliyo nayo, na fimbo nene mwisho. Wengi wanaofuata mpangilio huu wanafika hatua ya tatu na kuona gari limeshawatosha.

## Kufunga

Kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

Kama una spana, stendi mbili imara na mtu wa kukusaidia, ndiyo. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, na usiweke stendi juu ya mchanga mtupu. Tafuta sakafu ya zege au ubao mpana.

Matairi yote mawili ya ekseli hiyo yawe katika kimo kimoja, aidha yananing'inia yote au yamekanyaga yote. Ukinyanyua upande mmoja tu, fimbo itakuwa tayari imekamuliwa na tundu la linki halitakutana na bolti. Nimeona mafundi wakilivuta kwa mtaimbo, na kumbe tatizo lilikuwa jeki. Funga bushi za katikati bila kukaza, funga linki, shusha gari likanyage kwa uzito wake, kisha ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mpira uliokazwa gari likiwa hewani unakaa umejipinda wakati wote na kuchanika mapema.

Ukimaliza, kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, uangalie kama fimbo au linki inagusa tairi, bomba la breki au sampu (bakuli la oili chini ya injini). Rudia kukagua nati baada ya siku chache za kuendesha.

Chasisi ya gari la miaka arobaini itavumilia?

Swali zuri, na wachache wanaliuliza. Fimbo ngumu zaidi inavuta vishikio vyake kwa nguvu zaidi. Kwangua matope na rangi pale vishikio vinapofungwa, utafute mpasuko mwembamba unaoanzia kwenye tundu la bolti. Ukigonga kwa nyundo ndogo na sauti ikawa nzito ya bati lililooza, acha. Chasisi ikatwe hadi kwenye chuma kizima, ichomelewe kipande kipya, ndipo fimbo ifungwe.

Bushi za mpira au za poliyurethani?

Poliyurethani, plastiki ngumu inayonyumbulika, inabana zaidi na inadumu, lakini ikikauka inapiga kelele, na kwa vumbi la huku inakauka upesi. Inataka grisi ya silikoni. Mpira ni kimya na unasamehe. Kwa gari la familia ningeweka mpira mpya wa ubora mzuri bila kusita.

Ninapuliza oili chafu chini ya gari kuzuia kutu. Inadhuru?

Chuma inakisaidia, mpira inauua. Oili na grisi ya kawaida huvimbisha na kulainisha bushi za mpira mpaka zinakuwa kama ubani uliotafunwa. Anayeishi Shangani au Mikindani, karibu na chumvi ya bahari, anahitaji kinga kweli. Kinga hiyo iwe kusafisha kutu na kupaka rangi nzuri kwenye fimbo yote, isipokuwa pale inapokaa bushi, pamoja na kuosha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara.

## Barabara zetu

Ninashuka sana kutoka Newala kwenda Masasi. Inanifaa?

Ndiyo, kwa kiasi. Kuteremka kutoka uwanda wa Makonde kuna kona zinazofuatana huku uzito wa gari ukiwa umeegemea mbele, na gari linalolala linachelewa kugeuka kutoka kona moja kwenda nyingine. Fimbo ya mbele yenye milimita mbili zaidi inalifanya litulie upesi. Lakini breki na gia ndogo ndizo zinazokufikisha chini salama, si stabilaiza.

Na barabara za vumbi, kama za kuelekea Liwale?

Hapo fimbo nene ni mzigo. Tairi moja likiingia kwenye mfereji wa maji, fimbo inalinyanyua la pili, na gari linatikisika kichwa kushoto na kulia hadi shingo inauma. Kama safari zako nyingi ni za vumbi, baki na unene wa kiwanda, weka bushi mpya na shokapu nzuri. Wapo wanaofungua linki kabla ya kuingia njia mbaya. Inafanyika, isipokuwa kwa Mercedes W123 na Ford Escort (tazama sehemu ya magari yenye tabia zake), ila fimbo ifungwe juu kwa waya imara isiguse tairi wala bomba la breki, na linki zirudishwe kabla ya kupanda lami.

Msimu wa korosho nabeba magunia. Stabilaiza ya nyuma itasaidia?

Itapunguza kuinama, lakini haiongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Gari likishuka nyuma, hilo ni suala la springi. Magunia juu ya keria yanapandisha kitovu cha uzito, na ule uzito unaohama utaongezeka. Hatari ni kwamba gari halitainama kama zamani, ukadhani una nafasi ya kuongeza mwendo.

## Magari yenye tabia zake

Land Rover 109?

Kwa kawaida zilitoka bila stabilaiza, na springi zake za majani zenyewe zinapinga kulala. Kazi yake ni kukanyaga ardhi mbovu kwa matairi yote manne. Weka bushi za springi na shokapu, uishie hapo.

Volkswagen Beetle?

Ina stabilaiza ya mbele tangu toleo la 1960. Zile zenye ekseli za nyuma za kubembea zina hatari: kwenye kona kali tairi la nyuma la nje linaweza kujikunja kwa ndani na kuinua mkia. Stabilaiza ya kawaida ya nyuma inaongeza tatizo. Imarisha mbele tu. Kiwanda chenyewe, kwenye toleo la 1967, kiliweka nyuma fimbo ya umbo la Z ambayo haizuii kulala bali inasaidia springi matairi yote mawili yanapobanwa pamoja. Usiichanganye na stabilaiza.

Mercedes W123 na Ford Escort?

Kwenye haya mawili fimbo ya mbele ina kazi ya pili: inashikilia amu isisogee mbele na nyuma. Kwenye Escort inashika amu ya chini, kwenye W123 amu ya juu. Bushi zake zikilegea, alaimenti (ulinganifu wa matairi) inaharibika na gari linavuta upande ukikanyaga breki. Kamwe usiliendeshe likiwa limefunguliwa fimbo, na kila ukiigusa rudi ukapime alaimenti.

## Mengineyo

Trafiki au bima watanisumbua?

Kadi ya gari haiorodheshi stabilaiza. Bima ni tofauti: mweleze wakala wako kwa maandishi kuwa umebadilisha sehemu hiyo, ubaki na nakala.

Nitajaribu wapi baada ya kufunga?

Uwanja mpana usio na watu, mwendo mdogo, kisha ongeza taratibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha fimbo, matairi na shokapu siku moja hajui kipi kimemletea faida wala kipi kimemletea balaa. Usijaribu kwenye kona za Mikindani kando ya ghuba. Pale kuna watoto, baiskeli na bodaboda saa zote.

Fimbo ya zamani niitupe?

Hapana. Isafishe, ipake rangi, ifunge kwenye gunia kavu pamoja na vishikio na bolti zake, uandike kwenye karatasi ni ya mbele au ya nyuma. Anayenunua gari la zamani huuliza vitu vya asili, na ukihamia mahali penye barabara za vumbi utairudisha wewe mwenyewe.